Ripoti Iliyowatangulia Wachunguzi

Ripoti ya uchunguzi niliichapa siku mbili kabla ya wachunguzi kufika Kalemie.

Usicheke. Ngoja.

Nilikuwa karani wa mahakama. Mkubwa wangu, Jaji Bertin, alikuwa ameteuliwa kwenda mahakama ya juu kabisa, Kinshasa. Kizuizi kilikuwa mjane mmoja, Mama Léontine. Alimshitaki jaji kwamba alimnyang'anya kiwanja cha kando ya ziwa, na mama alipolalamika, mwanawe Willy akatupwa gerezani. Mwaka wa pili huo, bila hukumu.

Basi Kinshasa ikatuma mabwana watatu waje kuchunguza.

Jumanne jaji alinisomea ripoti nzima, mimi nachapa. Eti mlalamikaji amesikilizwa, amefuta mashitaka kwa hiari yake. Nilichapa. Woga mtupu, sikatai.

Alhamisi mabwana wakashuka kwenye ndege, suti zimenyooka, vichwa vitupu. Walifikia wapi? Kwa jaji mwenyewe! Walichochunguza ni samaki wa kuhe wa kukaanga, na miiba waliihoji vizuri sana.

Mama Léontine alishinda kwenye ngazi za mahakama, karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemwita. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Mutoto wangu, banasema ripoti imekwisha. Njo weye uliandika. Uliandika mimi nilisema nini?"

Nilimpita nikaingia ndani. Niliona aibu.

Jumamosi jaji akaniagiza nibadilishe ile tarehe ya Jumanne, kisha nipeleke ripoti isainiwe. Nilipeleka ilivyo. Walisaini wote watatu, vidole vina mafuta ya samaki. Hakuna aliyesoma hata mstari.

Kumbe Kinshasa kuna mtu anayejua kusoma. Aliweka ripoti ya Jumanne kando ya tiketi za ndege za Alhamisi. Wiki tatu baadaye barua ikafika: uteuzi umesimamishwa, uchunguzi unaanza upya, Mama Léontine asikilizwe wa kwanza.

Jaji aliniita biro, ofisini kwake, barua mkononi.

"Njo weye uliacha ile tarehe?"

"Mukubwa, si balisoma bakasaini?"

Nilifukuzwa palepale. Sawa tu. Sasa nachapa barua za watu kando ya soko. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Léontine, na safari hii niliwaandikia wachunguzi wapya alichosema yeye. Willy alitoka gerezani wiki jana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Jaji Bertin ilikuwa na urefu wa siku mbili.