Neno la Zamani la Sista

Pale hospitalini wanamwita Fundi Waya, ingawa siku hizi waya haugusi ila akijikwaa. Kazi yake ni kutunza seva mbili zenye majina na maneno ya siri ya wafanyakazi: ya zamani ni ya maabara, mpya ni ya wodi. Mtu akibadili neno lake huku, kule linabaki lilelile, kisha anampigia fundi simu kumfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemsahaulisha.

Jumatatu ile aliamua kuzilandanisha, neno moja lifungue kote. Programu ilimuuliza swali moja tu: ipi ndiyo ya kufuatwa? Sasa, pale kuna mazoea ya kijinga, nami nitayasema: cha zamani ndicho cha kuheshimiwa. Kiti cha zamani, muhuri wa zamani, karani wa zamani. Fundi naye akaichagua seva ya zamani, akabonyeza.

Haikupita nusu saa simu ikalia. Alikuwa Sista, mkuu wa zamu wodi ya wanawake.

"Fundi, kompyuta imenikataa. Na mama yako ndiyo kwanza ameletwa hapa, hajitambui. Njoo!"

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamvuka. Mama yake alikuwa kitandani, midomo mikavu, anapumua kwa shida. Daktari alikuwa ameshika sindano.

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

"Ipo. Ilimvimbisha uso, koo likataka kuziba. Jina lake... silijui, daktari."

Jina lilikuwa kwenye faili, faili limo kwenye kompyuta, na kompyuta kaifunga yeye kwa mkono wake, alipoyafuta maneno mapya na kuyarudisha ya zamani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kurudisha mambo yalivyokuwa kungechukua saa nzima. Neno lake mwenyewe la seva ya zamani aliliandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi kiko nyumbani. Daktari ameajiriwa juzi tu. Seva ya zamani haimjui.

"Siwezi kungoja sana," daktari akasema.

"Sista, maneno yamerudi ya zamani. Jaribu ulilokuwa nalo miaka mitatu iliyopita."

Sista akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Lile nililibadilisha makusudi," akasema.

"Lakini unalikumbuka?"

"Nitalisahauje?"

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Fundi alijua hapaswi kutazama, lakini hofu haina adabu. Lilikuwa jina la binti yake Sista, yule waliyemzika miaka mitatu iliyopita, na mwaka aliozaliwa. Kumbe ndiyo maana alilibadilisha: alishindwa kuvumilia kuliandika kila asubuhi.

Faili likafunguka. Jina la dawa lilikuwa juu kabisa, kwa herufi nyekundu. Daktari akalisoma, akaitazama sindano yake, akaiweka chini taratibu. Ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Jioni mama alifumbua macho, akauliza mwanawe kiatu kimoja amekipeleka wapi. Fundi alicheka. Kisha akamfuata Sista, aliyekuwa akikunja mashuka.

"Sista, naenda kurekebisha. Neno lako jipya litarudi. Lile halitakusumbua tena."

Sista hakuinua uso. Alikunja shuka lile, akalikunjua, akalikunja upya.

"Liache, mwanangu," akasema. "Liweke kote."