Kuziba Alama za Mzee

Sheria ya kwanza ya chumba cha kompyuta ilikuwa kuvua viatu. Matope ya Eldoret hayana adabu, na muuzaji wa ile mashine alikuwa ametuonya kwamba adui yake mkubwa ni vumbi. Kwa hiyo sisi wote wa ushirika wa wakulima wa ngano tuliingia mle kwa soksi, sauti chini, kama tunaingia kanisani tumechelewa. Hata karani wa vipuri, mtu wa kufoka kutwa nzima ghalani, akifika mlangoni alinong'ona.

Sheria ya pili ilikuwa ya meneja wetu, ambaye sote tulimwita Mzee. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na ualimu haukumtoka. Neno la kigeni likiingia kwenye Kiswahili, alisema, sharti livae alama za kunukuu pande zote mbili, lijulikane ni mgeni. Mimi nilikuwa sekretari wake. Alinisomea barua akitembea kutoka dirishani hadi chini ya picha ya Rais na kurudi, nami nikipiga taipu papo hapo, na neno la Kiingereza likitokea alisimama. "Fungua alama. Tractor. Funga alama." Nilishazoea, kidole kilikwenda chenyewe.

Kompyuta ilipoletwa, ili ituwekee orodha ya vipuri vya matrekta na mashine za kuvunia, alinisomea mwongozo wa kuitumia. Kurasa chache za Kiswahili safi kabisa. Lakini amri zenyewe zilikuwa za Kiingereza, vijineno vifupi unavyovipiga kwenye kioo cheusi ili mashine ikuonyeshe mafaili, au ikunakilie, au ikufutie. Basi kila amri ikavaa alama. Nikakata stensili, nikazungusha nakala kwenye mashine ya kurudufu, naye akazitia sahihi moja moja na kuzigonga muhuri.

Wa kuufuata mwongozo huo alikuwa msichana kutoka Murang'a, aliyesomea kazi hiyo Nairobi na kuajiriwa kwetu kwa majaribio. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Pioneer na mama yake mgonjwa, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Haukupita muda akanijia na karatasi mkononi.

"Mama, hizi alama zimetoka wapi?"

"Ni za Mzee."

"Mashine haizitaki. Nikiziweka inakataa, nikizitoa inafanya kazi."

Nikamwambia azitoe na anyamaze. Akafanya hivyo, na mambo yakaenda vizuri mpaka Mzee aliposimama nyuma yake siku moja, mwongozo mkononi, akaona hapigi kile kilichoandikwa. Akamwamuru apige kama ilivyo. Msichana akapiga, na alama zake zote, na kioo kikajibu kwamba hakijui amri ya namna hiyo. Mimi nilikuwa mlangoni na chai.

"Umeona sasa?" Mzee akasema. "Umeizoesha mashine tabia mbaya."

"Mzee, si tabia. Hivyo ndivyo iliundwa."

"Unabishana na mimi? Fanya practice na mwongozo mpaka ikubali."

Mpaka ikubali! Leo nikilisimulia jambo hili watoto wangu hucheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Watu wazima walikuwa wakikubali mambo makubwa kuliko hayo kila siku, tena wakipiga makofi, kwa hiyo sijui kwa nini Mzee angedhani kompyuta itakuwa na kichwa kigumu kuwashinda. Kisha akatangaza kwamba D.C. mwenyewe, mkuu wa wilaya, atakuja kuizindua, na kwamba atasimama kando ya msichana amsomee mwongozo neno kwa neno, wageni waone mambo yanavyokwenda kwa utaratibu. "Na ikikataa mbele ya D.C.," akamwambia, "siku hiyo hiyo unaenda kwenu."

Nilijaribu kumweleza. Nilichagua saa yake nzuri, baada ya chai ya saa nne, nikafunga mlango. Nikamwambia kuna kosa dogo la kuchapa kwenye mwongozo, nikajitwisha mimi hilo kosa ili limpitie vizuri kooni. Hakuinua hata macho.

"Karatasi hiyo imepita mkononi mwangu," akasema. "Ikishapita mkononi mwangu imekwisha."

Nilirudi kwenye meza yangu nimekasirika. Saa ya chakula, wenzangu walipokwenda kula, nikaitoa ile stensili kabatini na kumwita msichana. Kurekebisha stensili ni kazi ya subira. Unachovya kijiburashi kwenye dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unaziba kitundu cha herufi, unapuliza mpaka kikauke. Yeye alinionyesha kwa ncha ya kalamu, mimi nikaziba. Hii toa. Hii toa. Na hii pia. Tulikuwa tukishtuka kila mlango wa nje ulipolia. Tulipofika kwenye amri ya kutafuta kifaa katika orodha, akanishika mkono.

"Hapa usitoe. Neno unalotafuta lazima liwe na alama, la sivyo haitafuti."

"Mashine yako nayo ina maringo," nikamwambia, na hiyo ndiyo mara pekee tuliyocheka mchana ule.

Nakala mpya bila sahihi na muhuri zilikuwa karatasi za kufungia nyama tu. Nikazichomeka katikati ya barua za kawaida kwenye faili ya sahihi, nikasimama kando ya meza yake nikimfunulia ukurasa baada ya ukurasa kama kawaida yetu. Alitia sahihi huku akizungumza kwenye simu. Alipofika kwenye mwongozo kalamu ikasimama.

"Hii si nilishasaini?"

"Wino ulififia, Mzee. Nimetoa nakala zinazosomeka."

Akaniangalia. Kisha mtu wa upande wa pili wa simu akasema kitu cha kumchekesha, na kalamu ikaendelea. Nilikusanya nakala zote za zamani, za ghalani na za mapokezi, nikazichoma, na mpya moja nikaibandika ukutani juu ya kompyuta. Nikajiona mjanja sana.

Siku ya D.C. ilinyesha tangu alfajiri. Mzee, ambaye angekufukuza kazi kwa kukanyaga zulia la chumba kile na kiatu, hakuthubutu kumwambia D.C. avue. Basi mkubwa akaingia na buti zake za matope, askari wake naye akaingia na zake, na sisi wengine tukajipanga ukutani na soksi zetu. Msichana aliketi kwenye kiti, mgongo umenyooka, vidole tayari. Mzee akasimama kando yake, akakohoa, akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, chini ya beji yake ya chama, akatoa karatasi iliyokunjwa.

Nilipoona mikunjo ile niliitambua. Alikuwa na nakala yake mwenyewe, ile ya kwanza, aliyokuwa akitembea nayo kama kitambulisho.

"Fungua alama," akasoma kwa sauti ya darasani.

Msichana akanitupia jicho. Nisingeweza hata kutikisa kichwa. Akapiga kama alivyosomewa, na mashine ikakataa. Mzee akasoma tena, kwa sauti zaidi. Mashine ikakataa tena. Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Hii mashine yenu imelala?" D.C. akauliza.

"Si mashine, Bwana D.C.," Mzee akasema. "Ni mtu. Kuna watu hapa ndani wana hujuma."

Neno hilo halikuwa la kuchezea miaka ile, hasa mbele ya askari, hasa likimwangukia mtu ambaye kwao si hapa. Watu walitoka kazini kwa neno hilo na nyumbani wasifike. Askari akageuza shingo kumtazama msichana. Nikamwona mikono imemfia mapajani, na sikufikiria tena. Nilibandua karatasi ukutani, nikavuka zulia lile kwa soksi, nikamnyooshea Mzee.

"Samahani, Mzee. Hiyo ulioshika ni ya kwanza. Ulitoa ingine, ukaisaini. Ni hii."

Aliitazama sahihi yake kwanza. Kisha akasoma amri ya juu, na ya chini yake, na nikaona macho yake yakitafuta alama pembeni mwa kila neno na kuzikosa. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, sitamnyima hilo. Alielewa yote pale pale: nani amefanya, lini, na kwamba njia ya kutokea ilikuwa kwenye mkono wake mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Mimi mwenyewe nilirekebisha. Sasa nani aliniwekea ya zamani mfukoni?"

Chumba kizima kikatazama chini. Akarudia, safari hii akiniangalia mimi. "Nani?"

"Ni mimi, Mzee."

"Unaona, Bwana D.C.? Hawa ndio watu tunafanya nao kazi."

D.C. akacheka, na wote wakacheka kwa sababu D.C. amecheka. Mzee akasoma upya, bila alama, na kioo kikajaa orodha ya mafaili kutoka juu hadi chini. D.C. akataka aone kama ushirika una mshipi wa mashine ya kuvunia. Mzee akatazama karatasi, akasita, akasema polepole, "Hapa fungua alama." Msichana akapiga, na mashine ikautaja mshipi, na rafu yake. Makofi yakalia, mimi nikapiga pia.

Kesho yake aliniita nikapige taipu barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya msichana. Mzee alitembea kutoka dirishani hadi kwenye picha na kurudi, akinisomea kwamba ushirika umeridhika na kazi yake wakati wa probation, na sasa ameajiriwa rasmi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya alama, kikingoja aiseme. Hakuisema. Alikuwa ameshapita, yuko kwenye sentensi nyingine.

Ya pili ilikuwa yangu. Kwa uzembe wa kumpa meneja karatasi isiyofaa mbele ya mgeni wa serikali, napewa transfer kwenda ghala la mifuko huko Moiben, kuanzia Jumatatu. Watoto wangu walikuwa wakisoma mjini, na Moiben hakukuwa na taipureta. Ningeweza kumsamehe kama angekuwa bado anaamini alama zake. Lakini alikuwa amesimama dirishani, mgongo wake kwangu, na aliposema transfer hakufungua wala kufunga kitu.

Nikalipiga tupu, kama alivyolisema. Nikaitoa karatasi kwenye mashine, nikaiweka ndani ya faili ya sahihi, nikamfunulia ukurasa.