Bangili Niliyoibadilisha kwa Beseni

Kazi yangu ni kuchapa. Nina saiba ndogo Uthiru, kompyuta tatu na mashine moja ya fotokopi yenye hasira kunishinda, na miaka ya kuwachapia watu imenifunza kurekebisha. Barua ya kuomba kazi ikija imepinda, nainyoosha bila kuuliza. Ratiba ya mazishi ikikosa shukrani, naweka shukrani. Wateja hunisifu, nami kichwa huvimba.

Basi msichana wa kidato cha tatu akaniletea madaftari mawili. Ilikuwa hadithi ndefu aliyoitunga mwenyewe, na mwalimu wake alitaka iwe imechapwa kabla ya Ijumaa jioni ili iingie kwenye shindano. Nilitarajia mapenzi ya wanafunzi. Nikakuta bangili ya shaba, kongwe kuliko mji huu wote. Mtu wa ukoo ulioimiliki akiivaa, mlango hufunguka akaingia katika siku ile bangili ilipofuliwa. Kulikuwa na wafua chuma, misafara, joka la mtoni, na msichana wa rika lake anayeifuata bangili hiyo kizazi baada ya kizazi. Nilichapa mpaka chai ikapoa. Mteja wa fotokopi nilimwambia angoje, maana joka lilikuwa limeshamshika mtu mguu. Jamani, mtoto yule anajua kuandika!

Lakini mwisho wake ulinichoma. Katika hadithi, nyanya wa yule msichana ndiye aliyeitoa bangili zamani, kwa mfuko wa chumvi. Inapopatikana tena, nyanya anaomba msamaha, lakini mlango unamfungukia mjukuu peke yake. Nyanya anabaki nje, ameshika viatu vya mjukuu.

Mimi pia niliwahi kutoa bangili. Nyanya yangu alipofariki kule magharibi, niliachiwa ile ya shaba aliyoivaa tangu aolewe. Nilikuja nayo Riruta, nilikokuwa nikiishi wakati huo, nikaiweka kwenye mkebe wa vifungo. Siku moja akapita mama wa mabeseni, wale wanaobadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Sikuwa na nguo ya kutoa. Nikampa bangili, akanipa beseni la kijani, na nikajiona mjanja kweli. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Kwa hiyo nilipofika ukurasa wa mwisho, vidole vyangu vilifanya vilivyozoea. Nikamwingiza nyanya mlangoni. Nikaongeza machozi na kukumbatiana, nikalala vizuri.

Msichana alikuja Ijumaa mchana. Alisoma kwenye skrini akiwa amesimama, mkoba bado mgongoni.

“Anti, hii mwisho si yangu.”

“Nimeipanga tu poa. Yako ilikuwa na roho mbaya. Mtu ameomba msamaha, bado unamfungia nje?”

“Si ati hajasamehewa.” Hakupandisha sauti. “Lakini akiingia, si itakaa ni kama hakuna kitu ilipotea?”

Nilikasirika. Nilimwambia watoto wa siku hizi hawajui kushukuru, na kwamba apeleke madaftari yake kwingine kama anaweza. Alijua hawezi, muda ulikuwa umekwisha, na bado hakusema basi iache hivyo. Mimi na umri wangu sijawahi kukilinda kitu namna ile.

Nikafuta maneno yangu yote. Nikafungua daftari lake, nikachapa mwisho wake neno kwa neno, hadi koma. Ulikuwa mzuri kuliko wangu, na nilimwambia hivyo.

Kurasa zilipokuwa zikitoka kwenye printa, nilimweleza habari ya mama wa mabeseni. Sikuwa nimemweleza mtu.

“Na beseni iko?”

“Ilipasuka kitambo.”

Nilidhani atacheka. Akatoa kalamu.

“Hiyo bangili ilikuwa inakaaje?”

Nikamwambia ilikuwa nzito, kwamba upande mmoja ulikuwa umelika kwa mpini wa jembe, na kwamba nyanya akisonga ugali iligonga sufuria. Alikuwa akiandika haraka nyuma ya daftari.

“Na ilikuwa imechorwa nini?”

Nilikuwa nimeishika mara ngapi, nimeilalia mkononi mwake nikiwa mtoto.

“Sikumbuki,” nikasema.

Akaliandika na hilo.