Maneno Matano ya Shemeji Kamusi

Kaka wa mke wangu anaitwa Kamusi. Jina hilo alijipa mwenyewe, akasubiri miaka miwili watu walizoee. Ni mkuu wa ofisi ya matengenezo katika hospitali ninayofanya kazi, na tangu nimjue hajashika spana. Anachojua ni Kiingereza, na hicho nacho anajua kipande kimoja tu, kile cha mambo ya haraka. Namdharau, na sioni sababu ya kuzungukazunguka kulisema hilo.

Alianza kama karani wa kupokea barua. Zamani hizo kila fundi alikuwa anaandika URGENT juu ya kila ombi, hata la balbu ya chooni, na wakubwa walikuwa wamechoka. Mtu mwenye akili zake angekwenda kutazama ni balbu gani. Yeye alichukua likizo, akajifungia chumbani na kamusi nene, na aliporudi kazini alikuwa na karatasi iliyotiwa nailoni, akaibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Wakubwa waliisoma, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakampa ofisi.

Karatasi ile ina maneno matano. PRESSING ni jambo linalokuelemea moyoni lakini kazi inaendelea. Hilo halina tarehe. URGENT linataka kuharakishwa ila linaweza kungoja saini, siku kumi na nne. CRITICAL limefika njia panda, linaweza kupona au kufa, siku saba. EMERGENCY limetokea ghafla na halingoji, siku hiyo hiyo. CRISIS ni balaa lililowafikia wakubwa, na hilo huitishiwa kikao. Kila neno lina trei yake mezani. Ukikosea neno, ombi linarudi kwako na alama nyekundu, kama daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Na si kazini tu. Mwanawe alipopata homa, mkewe alimwambia mtoto anachemka. Kamusi akauliza kama homa imeanza kwa ghafla au imekuja polepole, maana hali hizo mbili hazina neno moja. Mkewe alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Alikuwa ameshafika zahanati ndipo akakumbuka kwamba hakumjibu.

Mimi ni fundi wa boila. Boila yangu ndiyo inayotoa mvuke wa chumba cha dobi, wanakofua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Tarehe tatu ya mwezi ule nilivuta kishikio cha valvu ya usalama, kama ninavyofanya kila mwezi, nacho hakikutikisika. Valvu ile ndiyo mlango wa mvuke ukizidi. Ikikwama, mvuke unakosa pa kutokea, na siku ukikasirika unajitengenezea mlango wenyewe. Upande wa pili wa ukuta wa boila, ukuta wa tofali moja, ndipo ilipokuwa meza ya Mama Pasi, mwanamke wa makamo anayenyoosha mashuka tangu sijaajiriwa. Alikuwa ameiegemeza hapo kwa sababu mgongo wake unapenda joto.

Niliandika kwa Kiswahili changu: valvu imekwama, boila inaweza kupasuka, mtu atakufa. Ombi likarudi mchana ule ule. Halikuwa na hata neno moja kati ya yale matano.

Nikaandika EMERGENCY, nikalipeleka mwenyewe.

"Imepasuka?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Haijapasuka, shemeji."

"Kazini hakuna shemeji, fundi. Emergency ni kitu kilichotokea. Chako hakijatokea."

"Kikitokea nani atakuja kujaza fomu?"

"Hilo ni swali lingine," akasema, akanirudishia karatasi.

Nikaandika CRITICAL. Ilimchukua siku tatu kulifikiria, na naamini alizifurahia zote tatu. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji, kwamba jambo la critical hugeuka, leo hivi, kesho vile. Valvu yangu ilikuwa imekwama tarehe tatu na bado imekwama. Haijageuka. Kwa hiyo si critical.

Hapo nikapandwa na hasira, na nakiri hasira ile ilikuwa na utamu wake. Niliazima kamusi ya shule ya binti yangu, nikakaa nayo mezani, mke wangu akinicheka. "Umeshakuwa kaka yangu," akaniambia. Nikaandika ukurasa mzima kumthibitishia Kamusi kwamba jambo linaweza kuwa njia panda hata kama limesimama, kwa sababu mshale wa geji, ile saa ya kupimia mvuke, unapanda na kushuka. Nilijiona nimemweza. Ukurasa ukarudi na masahihisho mawili ya tahajia, na ombi likawekwa kwenye trei ya URGENT, siku kumi na nne kuanzia siku hiyo. Boila sikuizima. Kuizima bila kibali ni kufukuzwa kazi, na mimi nilikuwa na hoja nyingine nzuri zaidi ninayoiandaa.

Tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi, mshale wa geji ulipita alama nyekundu ukaendelea kwenda. Sikuangalia karatasi ya mtu. Nilikata moto, nikakata umeme, nikatoka mbio nikampigia kelele Mama Pasi atoke nje, akatoka na shuka mkononi. Tukasimama uani, mimi nikichungulia geji mlangoni, mpaka mshale uliporudi chini.

Kufikia saa sita chumba cha upasuaji hakikuwa na shuka safi hata moja. Mganga mkuu akashuka mwenyewe, na madaktari watatu nyuma yake. Kamusi naye akaja, mara ya kwanza kuona mlango wa chumba cha boila, kalamu mkononi, uso unang'aa.

"Sasa hii," akawaambia, "ni crisis."

Wakaitisha kikao wakiwa wamesimama. Valvu ikapatikana ndani ya nusu saa. Zilikuwa mbili, ndani ya maboksi yao, stoo, mlango wa pili kutoka ofisini kwa Kamusi. Mganga mkuu alimshukuru mbele ya watu kwa kulitambua jambo mapema, na wiki iliyofuata Kamusi akaombwa aandae semina ya wilaya nzima. Amenunua koti.

Nilipomaliza kufunga valvu mpya nilikwenda kwa Mama Pasi kumsimulia. Nilikuwa na hamu ya kucheka na mtu. Nikamweleza yote, trei, alama nyekundu, njia panda, nikamwigiza Kamusi sauti na kidole. Hakucheka. Alikunja shuka mara nne, akalilaza.

"Uliijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu tarehe tatu, mama."

"Na kila asubuhi ulikuwa unapita hapa unaniamkia."

Nikamwambia nilikuwa naandika barua, kwamba nilipigana, kwamba zuio lilikuwa kule juu.

"Nimesikia," akasema. "Yule simjui, hajawahi kufika huku. Wewe ndiye nakujua. Siku kumi na tisa, mwanangu, ukakosa hata kuniambia nisogeze meza?"

Kisha akainama, akafungua breki kwa kidole cha mguu, akaisukuma meza yake peke yake mpaka ukuta wa mbali. Ina magurudumu.