Wimbo wa Ng'ombe Pale Batha

Juzi nilikuwa nazibiwa pancha pale Batha, Riyadh. Kando yangu dereva, Mkenya mwenzangu, alisubiri tairi pamoja na bosi wake, mzee wa Kisaudi aliyekalia kiti cha plastiki. Redio ya fundi ikapiga rokabili, ule muziki wa zamani wa Kimarekani ambao nyuzi za besi hupigwa makofi. Dereva akaanza kupiga boneti kwa kiganja, bila kukosea hata pigo moja.

"Umeujulia wapi?" mzee akauliza kwa Kiarabu.

"Ni wa kwetu Kakamega, baba. Babu yangu aliuimba harusini. Unasema ng'ombe wa mahari amegoma kuvuka mto."

"Mafi ng'ombe, hakuna ng'ombe hapo. Ni wa Wamarekani. Niliusikia kwao nikiwa kijana, kwenye visima vya mafuta."

"Basi waliuchukua kwetu, baba."

Nikajua huyu kesho anatafuta kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini. Najua pia kwamba santuri ndizo zilizouleta Kenya, babu zetu wakaacha maneno wakabaki na gitaa. 

Tairi likafungwa. Dereva akafungua mlango wa nyuma, kama kawaida. Mzee akaufunga, akazunguka, akaketi mbele.

"Yalla, twende," akasema. "Niimbie huyo ng'ombe mpaka nyumbani."