Adhana Inayokatika

Mama Maneno hajui kutulia. Ukimpa kiti atasimama akipanguse, ukimpa chai ataikoroga mpaka ipoe. Miaka yote aliyoshona nguo kule mjini, mtaa wa Muhima, miguu ilikuwa na cherehani ya kukanyaga na mikono ilikuwa na kitambaa, kwa hiyo wateja hawakujua kwamba mwanamke huyu hana breki. Mimi Leila, niliyekuwa nikimuuzia nyuzi na vifungo mlango wa pili, nilijua, maana alinigombeza kila siku.

Mwaka jana mwanawe Maneno, dereva wa malori ya Dar es Salaam, alimaliza nyumba Kinyinya, pembezoni mwa mji, akamchukua mama yake. Nyumba nzuri, vigae kila mahali, na majirani pande zote bado wanajenga, ni vumbi na nyundo tu. Msikiti uko mbali. Mama Maneno, ambaye masikio yake yamechoshwa na cherehani, akalalamika kwamba Ramadhani itamkuta hajui jua limezama lini. Maneno akamnunulia spika isiyo na waya, akaiweka juu ya friji, akaiunganisha na simu ya mama. Wakati wa swala ukifika, simu inaadhini na spika inaisikizisha nyumba nzima. Kisha akapanda lori lake, akamwacha mama na mkewe, Trinah.

Trinah alikulia Uganda. Ni Mkristo, na ana adabu mpaka inachosha. Hafungi, lakini anapika futari kutushinda sisi tunaofunga.

Mfungo ulipoanza tu, Mama Maneno akanipigia simu. "Leila, huyu mtoto ananikatia adhana."

"Anakata vipi?"

"Akiingia jikoni tu, sauti inakwaruza, inakufa. Akitoka na bakuli langu, imerudi. Alfajiri yeye amelala, mimi nimekula daku langu la baridi, na adhana inakwenda mpaka mwisho. Dalili ya mvua ni mawingu!"

Nikamwambia amuulize mwenyewe, kuuliza si ujinga. Hakuuliza. Kila jioni alizunguka sebuleni, tende mkononi, jicho jikoni. Alianza kupanga nguo zake kwenye mfuko, akizitoa, akizirudisha, akisema atarudi Muhima kabla ya Idi akapange chumba. Iliniuma. Mwanamke amemlea mwana kwa sindano, leo akazeekee chumba cha kupanga kwa ajili ya spika? Tena kuna jambo jingine. Kila Idi huwashonea gauni wanawake wote wa karibu yake, hata mimi mgomvi wake. Lakini Mama Maneno hajawahi kumpima Trinah. "Kitambaa chake sijakipata," alisema, na kabati limejaa vitambaa.

Nikaenda kufuturu nao. Nilikuta mfuko umefungwa, uko mlangoni.

Trinah akatoka jikoni. "Karibu, mama. Uji iko ndani ya maikrowevu. Adhana ikianza tu nawasha, mtakunywa ya moto."

Mama Maneno akalipuka. "Usiwashe kitu! Nyumba ni yako, lakini swala ni yangu. Kama adhana inakukera sema, usinikatiekatie kama kitambaa. Kesho narudi Muhima."

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mama, mi nimekata nini?" Machozi yakamshuka Trinah. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, mgongo kwetu.

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia shoga yangu, lakini adhana ikaanza. Sauti ilikuwa safi kabisa. Mama Maneno akanikazia macho, kama kusema: unaona sasa? Tukala tende, tukanywa maji. Lakini yeye hawezi kumwona mgeni amekaa bila uji. Akanyanyuka, akaingia jikoni, akabonyeza kitufe kama alivyofundishwa. Maikrowevu ikanguruma. Adhana ikakwaruza, ikafa.

Akageuka haraka kumtafuta Trinah. Trinah alikuwa palepale kwenye ngazi, mikono magotini. Mama Maneno akafungua kijimlango cha maikrowevu, sauti ikarudi. Akafunga, akabonyeza, ikafa. Akafungua tena. Ndivyo alivyokuwa akijaribu mshono zamani, anavuta, anaachia, anavuta tena, akiomba moyoni usiachie.

Halafu akasimama tu. Tangu nimjue sijawahi kumwona amesimama bila kufanya kitu. Jioni zote zile alizodhani anakatiwa adhana, maikrowevu ndiyo iliyovuruga mawimbi ya spika, na mtoto wa watu alikuwa anampashia uji.

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Alipita mbele yangu, akainama kwenye ule mfuko, akaufungua. Hakutoa nguo. Alitoa futi yake ya kupimia, ile ya kitambaa iliyofutika namba, akatoka nayo nje.

"Trinah."

"Mama?"

"Simama nikupime."

Trinah akasimama, uso umelowa, haelewi. Mama Maneno akamzungushia futi kifuani. "Nimekukosea, mwanangu. Nimekukosea sana. Inua mkono."

Trinah akainua mkono. Alimtazama mkwewe, akanitazama mimi, kisha akatazama jikoni.

"Lakini mama, uji itapoa."

"Wacha upoe."