Tanga Jeupe la Mashua Yangu

Nawasimulieni uso ukiwa bado unaniwaka kwa haya. Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, na tangu vita hivi vilete uhaba wa nguo, cherehani yangu imelala. Mikono ikaniwasha. Nikaanza kuunda kimashua uani, mimi ambaye hata kigoda sijapata kuunda.

Mbao zilipokwisha kushikana, sikukalika. Tanga sina, madukani hakuna kitambaa, na majirani nimekwisha kuwaalika pwani Ijumaa baada ya sala. Nikamsumbua mke wangu jikoni hadi akachoka.

"Kuna shuka kuukuu sandukuni. Chukua, unipishe nipike!"

Nikakimbilia sanduku la kwanza kuliona. Ndani mlikuwa na nguo ya bafta nyeupe, mpya, inanukia kafuri. Nikasema moyoni, kumbe mke wangu ananipenda hivi! Fundi mzima, sikujiuliza kwa nini ilikuwa imekwisha kukatwa vipande. Nikaishona mbiombio.

Ijumaa kimashua kikaelea, watu wakashangilia. Nikatweka tanga, upepo ukalijaza, nami nikajiona nahodha. Mara nikamwona mama mkwe wangu, tunayeishi naye, akipenya katikati ya watu mpaka maji yakamfika magotini.

"Shikamoo, mama! Umeliona tanga langu?"

Alilitazama juu hadi chini, mkono kifuani.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni sanda yangu niliyojiwekea. Mbona inaondoka bila mimi?"